Ulichoambiwa na daktari wa macho, nduguzo wamekisikia?





Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa macho ambao katika nyumba nyingi unajulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo amenyamaza. Nimeanza kwa kuomba ruhusa ya wahusika kabla ya kushika kalamu, nao wameniruhusu kwa sharti kwamba nisiwataje kwa majina. Wahusika hao ni baba yangu mzazi na kaka yake, ambaye kwangu mimi ni baba mkubwa.

Baba yangu ni fundi wa kanzu. Mkono wake haujatetereka, na hadi mwaka jana alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini mambo madogo yalianza kutushangaza. Akiweka kikombe cha chai, anakiweka ukingoni mwa sinia. Akisalimiwa na mtu aliyepita upande wake wa kushoto, haitikii, mpaka wengine wakasema mzee siku hizi ana kiburi. Mimi nikiwa katibu wa kamati ya msikiti nimezoea kutazama safu kabla ya imamu hajakabiri, na nilimwona mara nyingi amesimama hatua moja mbele ya aliye kushoto kwake, kama asiyejua kwamba pale pana mtu. Nikamrekebisha kwa kumgusa bega. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Tulimpeleka kwenye duka la miwani. Akasoma herufi zote za ubaoni hadi mstari wa mwisho, akauziwa miwani ya kusomea, tukarudi nyumbani tukishukuru. Miezi mitatu baadaye aligongwa na baiskeli iliyotokea upande ule ule wa kushoto. Safari hii tulikwenda hospitali yenye daktari bingwa wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanga mdogo tu, na la kulia lilikuwa limeanza kupoteza pembeni. Daktari akamwambia kuwa ana glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, kisha akamuuliza: "Mzee, katika ukoo wenu yuko mwenye ugonjwa huu?"

Baba akajibu kwa moyo mweupe: "Hayupo, daktari. Kwetu sisi macho huwa mazima mpaka uzeeni."

Baba mkubwa alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi. Hakusema kitu. Usiku ule, baada ya swala ya Isha, aliniita barazani kwake. "Mwanangu," akaniambia, "ugonjwa huo ninao mimi. Naweka matone huu mwaka wa saba. Daktari aliniagiza niwaambie wadogo zangu wakapimwe. Nikasema nitawaambia, siku zikapita." Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Dada zako walikuwa bado hawajaolewa. Niliogopa isije ikasemwa kwamba huu ni ukoo wa vipofu."

Sitaficha kwamba nilikasirika. Kwa wiki kadhaa nilimpa shikamoo ya mdomoni tu. Lakini katika wiki hizo nilisoma na kuuliza juu ya ugonjwa huu, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyoona kwamba kosa la baba mkubwa linafanyika katika nyumba nyingi za Waislamu na wasio Waislamu, na kwamba huenda msomaji wangu wa leo analifanya bila kukusudia. Ndiyo sababu ya makala haya.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya jicho mna majimaji safi yanayotengenezwa wakati wote na kutoka kupitia njia nyembamba zilizo kwenye kona, pale sehemu ya mbele iliyo angavu inapokutana na sehemu yenye rangi. Majimaji haya si machozi. Njia hizo zikipoteza wepesi wake, maji hutoka polepole kuliko yanavyoingia, na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Nyuma ya jicho uko mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, wenye nyuzi zipatazo milioni moja. Nyuzi hizo hufa kidogo kidogo. Wapo pia watu ambao mshipa wao huharibika hata shinikizo likiwa la kawaida, kwa hiyo kupima shinikizo peke yake hakutoshi kumtoa mtu wasiwasi.

Hapa yafaa kuondoa mikanganyiko mitatu. Wa kwanza ni jina lenyewe. Presha ya macho si presha ya damu, na vidonge vya presha ya damu si tiba yake. Wa pili ni kuichanganya na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu; lenzi hiyo huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa nyingine, na aliyekuwa haoni akaona. Katika glakoma kilichokufa ni uzi wa fahamu, na hadi leo hakuna tiba ya kuufufua. Matibabu hulinda kilichobaki tu. Mzee anayekaa nyumbani akingojea "mtoto wa jicho akomae" huenda anangojea kitu kingine kabisa, na kila mwezi wa kungojea una gharama yake.

Wa tatu ni ule uliotupata sisi, wa kudhani kwamba anayesoma herufi za ubaoni ana macho mazima. Herufi husomwa kwa katikati ya jicho. Glakoma kwa kawaida huanzia pembeni, na jicho moja hufunika upungufu wa jicho jingine. Haiumi, haiwashi, wala haileti wekundu. Baba yangu angeweza kutunga uzi kwenye sindano na bado asimwone mtu aliyesimama ubavuni mwake. Kipimo kinachotakiwa ni cha mambo matatu kwa pamoja: kupimwa shinikizo la jicho, kutazamwa mshipa wa fahamu kupitia mboni, na kupimwa upana wa kuona kwa kila jicho peke yake.

WANAOUGUA NI WANGAPI?

Wataalamu wa elimu ya kuenea kwa magonjwa hawaridhiki na kuhesabu wagonjwa waliofika hospitali. Huenda vijijini na mitaani, wakachagua kaya bila kupendelea, wakampima kila mtu wa umri fulani, mzima na mgonjwa. Kwa njia hiyo hupatikana hata wale wasiojijua.

Hapa kwetu kazi ya namna hiyo ilifanyika katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000. Katika vijiji 6 walipimwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Asilimia 4.16 kati yao walikutwa na glakoma ya aina moja au nyingine, na aina iliyoongoza ni hii inayokuja polepole na bila maumivu. Maana yake, ukichukua watu wazima 100 wa umri huo katika vijiji vile, wanne au zaidi kidogo wanao ugonjwa huu.

Huko Barbados, kisiwa cha Karibi ambacho wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, uchunguzi ulioanza mwaka 1988 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kati ya miaka 40 na 84 walikuwa na glakoma ya aina hiyo. Katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mwaka 1991, watafiti walieleza kwamba weusi walikuwa na ugonjwa huo takribani mara nne kuliko weupe waliokaa nao mji mmoja. Na kwa dunia nzima, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 yalisema kwamba kufikia mwaka 2020 wagonjwa wenye umri wa miaka 40 hadi 80 wangekuwa milioni 76, na kufikia mwaka 2040 wangekuwa karibu milioni 112. Makadirio hayo yaliiweka Afrika mbele ya mabara yote kwa kiwango cha ugonjwa.

Lakini idadi iliyonisimamisha zaidi ni ya Nigeria. Katika uchunguzi uliofanyika nchi nzima, kati ya wote waliokutwa na glakoma, waliokuwa wakijua kwamba wanao ugonjwa huo hawakufika 6 katika kila 100. Waliobaki waliishi nao kama baba yangu alivyoishi nao, wakirekebishwa kwa kuguswa bega.

UNAVYOPITA KATIKA UKOO

Kwamba ugonjwa huu hufuata damu ni jambo lililojulikana zamani. Ugumu ulikuwa kupima kwa kiasi gani. Ukimuuliza mgonjwa, "Je, ndugu zako wanao?" atakujibu anachokijua, na tumekwisha kuona kwamba wengi hawajui. Jibu la baba yangu kwa daktari lilikuwa la kweli kwa ujuzi wake, na lilikuwa kosa.

Watafiti wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, waliliona tatizo hilo, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 1998 hawakuishia kuuliza. Waliwaita ndugu na watoto wa wagonjwa, wakawapima wenyewe, kisha wakawapima ndugu na watoto wa watu wasio na ugonjwa. Walikadiria kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa, akijaaliwa kufika uzeeni, ana uwezekano wa asilimia 22 wa kuupata ugonjwa huo. Kwa ndugu wa mtu mzima uwezekano huo ulikuwa asilimia 2.3. Tofauti hiyo ni takribani mara tisa.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hiyo haikuwa Afrika, bali ni nchi ambako ugonjwa wenyewe ni mchache zaidi. Na wanaotajwa hapo si jamaa wa mbali. Ni kaka na dada wa tumbo moja, na watoto.

Kwa nini iwe hivyo? Sisi tuliosoma faraidhi tumezoea mirathi yenye mafungu yanayojulikana: huyu nusu, huyu robo, huyu thumuni. Mirathi ya mwili haigawanywi kwa namna hiyo. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, lakini ni nusu ipi, hakuna mwanadamu anayechagua. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba hivyo. Ndiyo maana katika nyumba moja mmoja huugua na mwingine akapona, na ndiyo maana hakuna anayeweza kujihukumu kuwa salama kwa kujitazama kwenye kioo.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na wenzao walitangaza kwamba wamegundua jeni ya kwanza inayosababisha glakoma hii. Ipo kwenye kromosomu namba 1, na huitwa miosilini. Ikiwa na kasoro fulani, huweza kumletea mtu ugonjwa mkali tangu ujanani, na mzazi mmoja tu anatosha kuirithisha. Watu walitarajia kwamba fumbo limefumbuliwa. Ikaja kuonekana kwamba jeni hiyo inahusika kwa wagonjwa wapatao 3 au 4 tu katika kila 100.

Kwa waliobaki jambo ni jingine. Hawakurithi kasoro moja kubwa, bali tofauti nyingi ndogo ndogo. Mfano wake ni mtu aliyerithi madeni madogo kwa watu wengi: elfu mbili kwa muuza maziwa, elfu tatu kwa fundi, elfu moja dukani. Hakuna deni lolote kati ya hayo linaloweza kumfilisi. Yakikusanyika, na umri ukaongezeka, yanamlemea. Mwaka 2021 kundi la watafiti kutoka nchi mbalimbali lilitangaza maeneo 127 katika vinasaba yanayohusiana na glakoma.

Hata hivyo, wengi wa waliopimwa katika kazi hiyo walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye mzigo mkubwa wa ugonjwa ndio waliokuwa wamechunguzwa kidogo. Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wagonjwa kutoka Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikatoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 11,275 wenye asili ya Afrika, ukaonyesha maeneo mapya ambayo hayakuonekana katika kazi zilizotangulia. Tumaini la wataalamu ni kwamba siku moja tone la damu au mate litaweza kueleza mapema nani yuko hatarini zaidi.

Siku hiyo haijafika katika kliniki zetu. Na hapa ndipo ninapotaka kusimama. Kabla ya mashine hizo kutufikia, tayari tunacho kipimo cha vinasaba kisichogharimu kitu, nacho ni ulimi wa ndugu. Neno moja la baba mkubwa miaka saba iliyopita lingemfikisha baba yangu kwa daktari wakati jicho lake lingali zima.

KWA NINI TUNANYAMAZA?

Wengine hudhani hospitali itawaarifu jamaa. Haitawaarifu. Siri ya mgonjwa ni amana kwa daktari, na hana ruhusa ya kumpigia simu mdogo wako na kumweleza hali yako. Yeye hukuagiza wewe. Usipofikisha, ujumbe umekwama kwako.

Wengine husema: yaliyoandikwa yameandikwa. Ni kweli kwamba hakuna kinachotokea nje ya qadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini hakuna anayemwacha mtoto wake mwenye malaria bila dawa kwa hoja hiyo. Kutafuta tiba kumo ndani ya qadari, na kumwonya ndugu kumo pia.

Wengine wanaogopa kuitwa vipofu. Tuseme wazi kwamba upofu si aibu. Abdullah ibn Umm Maktum, swahaba aliyekuwa kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.), na aliachiwa uangalizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Kisa kilichotajwa mwanzoni mwa Sura ya Abasa kinamhusu yeye. Aibu haipo kwa asiyeona. Ila ni msiba kumwacha mtu apoteze macho ambayo yangeweza kulindwa.

Na wengine, kama baba mkubwa, wanawaza posa. Nimelifikiria sana hili kwa kuwa nami nina mabinti. Ikiwa katika vijiji vya Kongwa watu wazima zaidi ya wanne katika 100 walikuwa na ugonjwa huu, basi ukoo unaojidai kuwa hauna, mara nyingi ni ukoo ambao haujapimwa. Mchumba anayetoka katika nyumba inayojijua, inayopima na kutumia dawa, ana heri kuliko anayetoka katika nyumba inayopapasa gizani na kusema kwamba kwao macho ni mazima. Dada zangu wameolewa wote. Waume zao wameambiwa mwaka huu, na hakuna aliyekunja uso. Mmoja alirudi kwao akamchukua mama yake kwenda kupimwa.

TIBA IPO

Aliyegunduliwa mapema, mara nyingi huhifadhi kuona kwake maisha yote. Tiba ya kawaida ni matone ya kupunguza shinikizo, na yapo matibabu ya mionzi ya leza na ya upasuaji. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi ulifanyika utafiti wa wagonjwa 201 uliochapishwa mwaka 2021, ukilinganisha leza na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, na matone kwa asilimia 31. Haina maana kwamba kila mmoja aache dawa yake akatafute leza. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wake. Lakini yafaa kujua kwamba elimu hii imepatikana hapa hapa nchini, kwa wagonjwa wa kwetu.

Kuna mambo mawili ya kuongeza kwa faida ya familia zetu. Kwanza, wapo wanaosimamisha matone mwezi wa Ramadhani kwa kuchelea saumu zao. Jicho linaloachwa mwezi mzima bila dawa linaweza kupoteza kisichorudi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliyahesabu matone ya macho kuwa miongoni mwa yasiyobatilisha saumu, maadamu mtu hamezi makusudi kinachofika kooni. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, wanayoyafuata wengi wa pwani yetu, jicho halihesabiwi kuwa tundu linalofika ndani. Mwenye dukuduku amuulize sheikh wake na daktari wake, lakini asiache dawa kimya kimya. Mara nyingi daktari huweza pia kumpangia saa za baada ya futari na kabla ya alfajiri.

Pili, tujihadhari na matone ya macho yanayonunuliwa bila cheti cha daktari. Baadhi yake yana steroidi. Humtuliza mtoto mwenye macho yanayowasha siku ile ile, na mama akafurahi akaendelea nayo kwa miezi. Steroidi ikitumika kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma hata kwa mtoto. Uliza kilichomo ndani ya chupa kabla ya kuitumia.

TULICHOFANYA SISI

Baba mkubwa ndiye aliyechagua njia. Katika mwezi wa Rajabu tulikuwa na khitma ya bibi yetu, na ukoo wote ulikusanyika, waliotoka Pangani na waliotoka Dar es Salaam. Baada ya dua, kabla ya sinia kuletwa, aliomba aketishwe karibu na mlango ili wanawake waliokuwa chumba cha pili wamsikie. Akasema: "Mimi nina presha ya macho. Nimewaficha miaka saba, na mdogo wangu amepoteza jicho. Nawaombeni radhi. Kila aliyezaliwa na baba yangu, na kila aliyezaliwa na watoto wake, akapime." Hayakuwa maneno mengi. Shangazi alilia. Kisha tukala.

Mpaka ninapoandika haya, kumi na mmoja kati yetu tumekwisha kupimwa. Wawili wamekutwa na dalili. Mmoja ni dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 41, ambaye hadi siku ile hakuwa na lalamiko lolote la macho na mpaka leo anaona vizuri. Ameanza matone. Mimi nimeambiwa mshipa wangu wa fahamu uko salama kwa sasa, na kwamba nirudi kila mwaka. Jicho la kushoto la baba yangu halijarudi wala halitarudi. La kulia limetulia. Msikitini sasa husimama mwisho wa safu upande wa kushoto, ili watu wote wawe upande anaouona. Jirani yake wa kulia ni baba mkubwa.

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuambiwa kwamba una presha ya macho, wiki hii waandike kwenye karatasi ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako, na umwambie kila mmoja kwa jina la ugonjwa, bila kuzungukazunguka. Asiyefikika kwa miguu apigiwe simu. Aliye na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huu asingoje kufika miaka 40 ndipo apime, na akifika kwa daktari aanze kwa kusema: "Kwetu upo." Na ikiwa mzazi wako alipoteza macho uzeeni na hamkuwahi kujua sababu, muulize aliyekuwa akimpeleka hospitali kama anakumbuka aliloambiwa.

Tunasisitiziwa sana kuunga udugu, nasi tunauunga kwa kuzuru, kwa kusaidiana na kwa kuzikana. Kumwambia ndugu yako kilicho katika damu mnayoshirikiana ni sehemu ya kuunga huko.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya vizazi vyetu, na awape subira na malipo mema waliojaribiwa kwa kupoteza macho yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.